Mpango wa Ruaha Uanze na Kiangazi

Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Samaki hufa, na viboko hubanana katika madimbwi yaliyosalia.

Ni rahisi mno kumtafuta mkosaji mmoja. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa katika ardhioevu ya Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi. Mto uliendelea kukatika.

Ihefu ni mfano wa beseni, na ukingo wake ni mwamba wa Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone litokalo, hata kama Ihefu yenyewe ingali na maji. Kwa hiyo maji machache yanayochepushwa Septemba yana uzito kuliko mengi yanayochepushwa Machi, wakati mito ya Mbarali, Kimani na Ndembera imejaa. Hata hivyo, mabanio mengi ya Usangu hubaki wazi baada ya mpunga kuvunwa.

Hapo ndipo hutolewa amri kwamba mabanio yafungwe. Amri hiyo ni nusu ya kazi. Mfereji uitwao wa mpunga ndio huo huo unaomnywesha mwanakijiji na ng'ombe wake. Kumfungia banio bila kumchimbia kisima ni kumwadhibu kwa kiu. Atalifungua usiku, na hapana mlinzi atakayemzuia.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Vyombo vipo. Kinachokwamisha ni kila idara kushika daftari lake: Kilimo huhesabu magunia, Nishati huhesabu megawati za Mtera na Kidatu, Maliasili huhesabu watalii. Mto ni mmoja, na wote huchota humo.

Ofisa kilimo basi apimwe kwa magunia na pia kwa mabanio yaliyofungwa baada ya mavuno. Fedha za visima ziwe katika mpango ule ule wa mabanio, si katika ahadi ya mwaka ujao. Na mwalimu wa kijijini, ambaye aghalabu ndiye katibu wa kila kamati, aibandike tarehe ya kufunga ubaoni kabla mbegu haijaingia majarubani.