Kifaa cha mtetemo hakimsaidii mtoto asiyeona ukimshika mkono

Mtoto wa darasa la sita anarudi nyumbani na wazo la maonyesho ya sayansi shuleni. Anataka kutengeneza kifaa cha kuvaa mkononi kama saa, kitakachotetemeka kila mtu asiyeona anapokaribia kizuizi. Wazazi wanafurahi, wanatoa pesa ya vifaa. Kazi ikikamilika, anaitwa mdogo wake, asiyeona tangu kuzaliwa, aje akijaribu. Kaka mtu anamfunga kile kifaa. Baba anamshika kiwiko na kuuelekeza mkono ukutani. "Umesikia?" anauliza. Mtoto anajibu kwamba kinamtekenya. Basi. Kifaa kinawekwa juu ya kabati na habari yake inaishia hapo.

Kabla ya kulaumu kifaa, mzazi aangalie ni nani aliyekuwa akiuongoza mkono ule.

Jambo hilo lilionekana zaidi ya nusu karne iliyopita, huko San Francisco, Marekani. Mwaka 1969, mtafiti Paul Bach-y-Rita na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu kiti walichokitengeneza. Kilikuwa kiti cha daktari wa meno, na kwenye egemeo lake waliweka vipini 400 vya kutetemeka, mistari 20 kwa 20. Kamera ya televisheni ilitazama kitu kilichowekwa mbele, kisha picha ikageuzwa kuwa mitetemo mgongoni mwa aliyekaa. Baada ya mazoezi, watu wasioona tangu kuzaliwa waliweza kutambua vitu kama kikombe na simu.

Lakini kulikuwa na sharti moja. Kamera ilipotulia mahali pamoja, mtu alisikia mitetemo tu mgongoni. Alipopewa aizungushe kamera mwenyewe, huku na kule, juu na chini, hali ilibadilika. Akaanza kukisikia kitu kiko mbele yake, wala si mgongoni. Mwili wake ulijua kwamba umesogea, na ubongo ukaunganisha kusogea huko na mitetemo iliyobadilika.

Hapo ndipo lilipo somo la mzazi. Mtoto anayeshikwa mkono na kuelekezwa hupata mtekenyo. Anayeupeleka mkono mwenyewe, akakosea, akaurudisha, ndiye anayeanza kujua ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Na hilo haliishii kwenye kifaa. Watoto wengi wasioona hukalishwa mkekani kwa mapenzi, wakaletewa kila kitu mkononi, kwa hofu kwamba wataumia. Wanakua hawajui ukubwa wa nyumba yao wenyewe.

Kwa familia inayotaka kujaribu, kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Kina sensa inayotoa sauti ya juu mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo hugonga kizuizi na kurudi kama mwangwi, kama popo anavyojiongoza gizani. Kizuizi kikiwa umbali wa mita 1, mwangwi hurudi baada ya takriban sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Kompyuta ndogo, isiyozidi ukubwa wa kiganja, hupima muda huo, hukokotoa umbali, kisha huwasha mota ndogo kama ile inayotetemesha simu. Betri huendesha vyote.

Kwa nini mtetemo na si mlio? Kwa sababu asiyeona anayahitaji masikio yake. Kwa masikio anajua bodaboda inatokea upande gani, na watu wamesimama wapi. Ukimjazia milio masikioni, umemnyang'anya alichokuwa nacho.

Mtetemo nao una kasoro zake. Ngozi huzoea, mtu aliyevaa saa tangu asubuhi hukumbuka kwa nadra kwamba anayo. Kifaa kinachotetemeka muda wote, baada ya kitambo hakisemi kitu. Afadhali kinyamaze njia ikiwa wazi, kianze taratibu kizuizi kinapotokea, na kiharakishe kadiri mtu anavyokaribia.

Kubwa zaidi, kifaa hiki hakichukui nafasi ya fimbo nyeupe. Sensa iliyoelekezwa mbele haioni mtaro ulio wazi wala ngazi inayoshuka. Nguo laini humeza sauti, na ukuta uliokaa mshazari huupeleka mwangwi kwingine. Betri nayo huisha njiani. Fimbo hugusa ardhi yenyewe. Kinachoipita fimbo ni vitu vilivyo juu ya kiuno: tawi la mwembe, kibao cha duka, nondo zinazochomoza nyuma ya lori lililoegeshwa. Hapo ndipo kifaa kinaposaidia. Fimbo ikae mkono mmoja, kifaa mkono wa pili.

Na mtoto anayetengeneza aanze kwa kuuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kufumba macho dakika 5 sebuleni hakumfanyi mtu ajue maisha ya asiyeona. Katika kundi la Bach-y-Rita alikuwamo mwanasaikolojia Lawrence Scadden, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, na jina lake limo kati ya waandishi wa makala ile ya 1969. Ikiwa mdogo mtu haoni, basi yeye ndiye fundi wa pili. Aulizwe ni wapi hujigonga, kifaa kimkae mkono upi, mtetemo uwe na nguvu kiasi gani. Akisema hakihitaji, asikilizwe pia.

Siku ya kujaribu tena, ni vizuri kuanzia uani ambako mtoto anakufahamu. Aonyeshwe kwanza, kwa vidole, sensa iko wapi na mota iko wapi, ajue kinachomtetemesha. Kisha aachwe asimame, auzungushe mkono taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, akitafuta mahali mtetemo unapoanza na unapokoma. Akikisia kwamba pale kuna nguzo, aende akaiguse kuhakikisha.

Mzazi awe hatua mbili nyuma, karibu kiasi cha kumdaka akijikwaa. Mikono yake ikae nyuma ya mgongo, na maneno "kushoto, kushoto" ayameze. Mtoto atachukua muda mrefu kuifikia nguzo, na huenda akaipita mara ya kwanza. Asubiriwe ageuke mwenyewe.