Damu ya Mtoto Inaongea, Serikali Imeziba Masikio

Tusidanganyane, vijana wenzangu. Barabara ikiharibika tunapiga picha. Stima ikipotea tunapiga kelele mpaka usiku. Lakini kitoto cha siku tatu kikifa wadi ya watoto wachanga, mzazi anaambiwa "ilikuwa infekshoni", anapewa karatasi, tunaenda kuzika. Hakuna anayeuliza ni infekshoni gani, iligunduliwa saa ngapi, na damu ya huyo mtoto ilipimwa au haikupimwa.

Sisi leo tunauliza.

Anza na hesabu ya serikali yenyewe. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2014 ulisema katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 22 hufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Uchunguzi wa 2022 ukasema 21. Yaani miaka minane, magavana wamechaguliwa na kuchaguliwa tena, hospitali zimepakwa rangi, na tumeshuka kwa mtoto mmoja tu. Lengo ambalo Kenya ilikubali mbele ya dunia ni 12 ifikapo 2030. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Na katika yanayowaua hawa watoto, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, yamo maambukizi yanayoingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Madaktari wanaita sepsisi. Mtoto anakataa titi, analegea, anapata joto kali au anakuwa baridi, anapumua mbio mbio, pengine anapata degedege. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.

Sasa hapo hospitalini ndipo ugomvi wetu ulipo.

Sepsisi ya kitoto inakwenda haraka kuliko makaratasi yetu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome pale Kilifi walipima damu za watoto waliolazwa hospitali ya Kilifi kutoka 1998 mpaka 2002. Kwa wale wa chini ya siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria kwenye damu. Na katika watoto wa umri wote waliokufa wakiwa na bakteria hao, thuluthi moja walikufa siku ile ile waliyolazwa, na zaidi ya 70 katika kila 100 ndani ya siku mbili. Hii si habari ya Ulaya. Ni Kilifi, watoto wetu, na ilichapishwa 2005. Walioamua bajeti tangu hapo hawawezi kusema hawakuambiwa.

Kuotesha damu ili kujua ni bakteria gani huchukua siku moja, mbili au zaidi. Ndiyo maana kuna vipimo vingine vya damu vinavyotoa jibu mapema, vinavyosaidia kujua mtoto gani anaelekea kubaya. Kuna protini inayoitwa CRP, ambayo ini huitoa mwili ukipambana na maambukizi. Kuna prokalsitonini, inayopanda mapema zaidi ya CRP. Kuna lakteti, inayoonyesha kwamba viungo havipati damu na hewa ya kutosha. Ikiwa juu na ikikataa kushuka baada ya matibabu, hiyo ni kengele ya hatari. Na kuna chembe zinazogandisha damu, ambazo zikishuka sana kwa kitoto mgonjwa, daktari anajua hali imechacha.

Hatusemi vipimo hivi ni uchawi. CRP huchelewa, huanza kupanda baada ya masaa 6 mpaka 12 hivi na hufika kilele baada ya siku moja mpaka mbili. Ukipima mara moja mapema ukaona iko chini, usishangilie, inapimwa tena. Prokalsitonini nayo hupanda yenyewe siku mbili za mwanzo hata kwa mtoto mzima wa afya. Hakuna kipimo kimoja kinachojua nani atakufa na nani atapona. Lakini kupima, kurudia, na kulinganisha na dalili anazoziona nesi kunampa daktari njia. Bila hivyo anatembea gizani.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: "Daktari mzuri anaangalia dalili, hahitaji mashine." Nusu yake ni kweli. Utafiti mkubwa wa nchi 11, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2023, ulifuata watoto zaidi ya 3,200 walioshukiwa kuwa na sepsisi, na takriban 11 katika kila 100 walikufa. Watafiti wakatengeneza njia ya kutoa alama za hatari kwa kutumia mambo kama uzito wa kuzaliwa, joto la mwili, kunyonya na kuhitaji hewa ya mashine. Vizuri sana! Basi tuulize: hizo alama zinatolewa wadi gani katika kaunti yako, na nesi mmoja anayeangalia watoto wangapi? Usituletee dalili kama kisingizio cha kutonunua vipimo, halafu usilete hata manesi wa kuziangalia hizo dalili. Dalili ni za saa ya kwanza. Damu ni ya kuhakikisha na ya kufuatilia. Mtoto anahitaji zote mbili.

Jibu la pili: "Si tunawapa antibayotiki wote? Kipimo cha nini?" Hili ndilo hatari zaidi. Ukimpiga kila mtoto penisilini na gentamisini bila kupima, huwezi kujua ni nani dawa haimsaidii mpaka amekata roho. Na bakteria wanajifunza. Klebsiella, ambaye ni miongoni mwa wanaoua watoto wengi zaidi mahospitalini, tayari anazishinda dawa nyingi za kawaida. Kipimo kinasaidia pia kuacha dawa. Utafiti wa watoto zaidi ya 1,700 katika hospitali za Uholanzi, Uswisi, Kanada na Cheki, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba kufuata prokalsitonini kulipunguza muda wa antibayotiki kutoka masaa 65 hivi hadi 55. Anayeacha dawa mapema kwa usalama anawahi kurudi nyumbani, kitanda kinapata mwingine.

Jibu la tatu: "Hakuna pesa." Wacha! Mwaka 2015 kulikuwa na pesa za mkataba wa kukodishia kaunti mashine za hospitali, mabilioni. Seneti ilipochunguza 2020 ikakuta kuna mashine zimekaa bure. Pesa za mashine kubwa ya kukatia utepe hupatikana. Pesa za kemikali za maabara, za fundi wa maabara wa zamu ya usiku, hazipatikani, manake hakuna mheshimiwa anayepigwa picha na chupa ya kemikali. Shirika la Afya Duniani liliiweka CRP kwenye orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu 2018. Si anasa. Ni kitu cha kawaida.

Jibu la nne ndilo la kututuliza: "Ni mapenzi ya Mungu." Hapa tusimame. Kuamini kadari ni letu, hatufundishwi na afisa wa kaunti. Lakini kadari haikumwambia mtu afunge maabara Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Mwenye kufiwa akisema hayo, ni subira. Mwenye bajeti akisema hayo, anajificha.

Na ukweli wenyewe ni huu: kutopima kunawafaa. Kusipopimwa hakuna rekodi. Kusipokuwa na rekodi hakuna aliyechelewa, hakuna aliyekosea, hakuna dawa iliyoshindwa. Kila kifo kinakuwa "infekshoni". Mtoto anazikwa, na swali linazikwa naye.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya kiwango cha juu cha afya, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Na Jedwali la Nne linaiweka hospitali ya kaunti mikononi mwa kaunti. Gavana asikurushe Nairobi.

Kwa hivyo kazi ni hii. Andika barua ya kuomba habari chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza: maabara ya hospitali inapima CRP, lakteti na chembe za damu usiku na wikendi? Kuotesha damu kunafanyika? Watoto wachanga wangapi walikufa mwaka uliopita, na wangapi kati yao damu ilipimwa? Wana siku 21 za kujibu. Habari inayohusu uhai wa mtu ni masaa 48. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Halafu nenda kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa kaunti unawasilishwa bungeni kabla ya 1 Septemba, karatasi ya sera ya fedha kabla ya 28 Februari, makadirio kabla ya 30 Aprili. Mikutano ya maoni ya wananchi ndipo mahali pa kusema: tunataka mstari wa maabara ya watoto wachanga, umeandikwa, una kiasi, na una jina la mwenye kuwajibika.

MCA akikuahidi bendi ya uzinduzi, mwambie abaki na bendi yake. Sisi tunataka maabara iliyo wazi saa nane usiku, maana hiyo ndiyo saa kitoto kinapoanza kukataa titi.