Betri ya Mia na Plagi Iliyoyeyuka

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mjomba wake aliyeko Uingereza alimletea gari la rimoti la mashindano lililokwisha kutumika, alinijia jioni moja akiwa amelipakata kama mgonjwa, akaniamkia kwa adabu, kisha akanieleza kwamba betri mpya aliyoinunua kwa fedha alizozidunduliza muda wa miezi sita ilikuwa mbovu. Nilipoitazama niliona betri ni nzima kabisa. Kilichokufa ni plagi. Ile plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, pembe zake zimelegea kama nta, dume na jike yamegandana hata ikanibidi niyatenge kwa koleo.

“Lakini Mzee, si imeandikwa 100C?” aliniuliza, akinionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa betri.

Nambari hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. C ni kipimo cha kasi ambayo betri yaweza kutoa umeme wake ikilinganishwa na ujazo wake: betri ya miliampea-saa 5000, yaani ampea 5 kwa muda wa saa moja, ikidai 100C, inadai kwamba yaweza kutoa ampea 500. Haya, na tuifanyie hesabu ya darasani. Lau ingetoa ampea hizo kwa kweli, ingekwisha katika sekunde 36, na nyaya zake, ambazo hazifikii hata unene wa penseli, zingekuwa hazigusiki. Mbio za magari ya umeme ya kipimo cha moja kwa kumi aghalabu huchukua dakika 5, na gari litakalomaliza betri hiyo yote katika dakika hizo litakuwa limevuta wastani wa ampea 60 tu. Ni kweli kwamba mota huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo, hasa gari linapotoka kwenye kona. Hata hivyo, betri itoayo 40C kwa haki, yaani ampea 200, inamtosha mwanafunzi na mwalimu wake. Kilo ya sukari ina wakala wa vipimo wa kuikagua. C haina mkaguzi, na kila mtengenezaji hujipimia kwa pishi lake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye plagi, ambayo wanunuzi wengi huiona kama kifungo cha shati, kitu kijacho pamoja na nguo bila kuulizwa. Tuseme plagi iliyochakaa ina ukinzani wa sehemu tano za elfu za ohmu, nao umeme wa ampea 40 unapita humo. Volti 0.2 zitapotea, na wati 8 za joto zitazaliwa ndani ya kitu kisichozidi ncha ya kidole gumba. Ukizidisha umeme mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana plagi huvumilia kimya kwa muda mrefu, kisha huyeyuka siku moja tu.

Insafu yanitaka niitetee kidogo ile plagi nyeupe, iitwayo kwa jina la Tamiya, kampuni ya Shizuoka huko Japani iliyoanza kuuza magari ya rimoti mwaka 1976. Wakati wa betri za nikeli-kadimiamu za seli 6, volti 7.2, na mota za upole, plagi hiyo ilitimiza wajibu wake bila lawama. Kosa ni la wale ambao hadi leo huitia kwenye betri za lithiamu-polima, zenye nguvu ya kuipita maradufu, ili mradi tu zichomekeke katika gari lolote la kale.

Kwa gari la moja kwa kumi lenye betri ya seli 2, rai yangu ni plagi ya njano iitwayo XT60, ambayo ni rahisi kuipata na kuilehemu. Kwa magari makubwa ya moja kwa nane, ambayo huvuta seli 4, chukua XT90 au ile ya buluu, EC5. Ile ya Deans, yenye umbo la herufi T, ni njema pia, ila yataka mkono uliozoea kulehemu. Washindani hodari huchomeka pini tupu za milimita 4 au 5 moja kwa moja kwenye betri, na kwa hakika hakuna njia ipotezayo umeme kidogo kuliko hiyo. Lakini siku utakapogeuza chanya na hasi kwa haraka ya mashindano, utanunua kidhibiti mwendo kingine. Chagua aina moja, uitie katika betri zako zote na chaja yako, na uachane na vile vipande vya kuunganishia plagi za aina mbili, kwa kuwa kila kipande ni mlango mwingine wa hasara.

Kwa kijana yule nilikata waya mmoja kwanza, nikaufunika kwa mkanda, ndipo nikakata wa pili, maana mkasi ukigusa zote mbili kwa pamoja utaona cheche ambayo hutaisahau. Upande wa betri nilitia jike, ambalo madini yake yamefichika. (Na mara ya kwanza, baada ya miaka yote hii, nilisahau kuvisha kile kimpira cha kufunikia kiungo kabla ya kulehemu, nikalazimika kufungua na kuanza upya.) Kwa kuwa kidhibiti cha gari lake ni cha zamani, kisichojua kukata umeme seli zinapokaribia volti 3, ambapo betri ya lithiamu huanza kuharibika, nilimpa king'ora kidogo cha kuchomeka kwenye ule waya mwembamba wa kusawazishia seli, kilie kabla hazijafika huko. Betri anayotumia ni ile ile ya 100C, na plagi yake, mbio zinapokwisha, sasa yashikika kwa kidole.