Ukurasa wa Nyumbani: "Nadhani" Katika Ripoti ya Askari

Katika nyumba moja ya Kagugu, kata ya Kinyinya, wilayani Gasabo mjini Kigali, sajini mmoja wa polisi alikuwa akijizoeza kuandika ripoti kwa Kiingereza, kwa kuwa alitazamia kufanya mtihani wa wanaotaka kupelekwa katika ulinzi wa amani. Kisa alichojitungia kilikuwa cha kawaida: duka limevunjwa usiku, mlinzi hakuona kitu, na mtu fulani anashukiwa. Aliandika hivi: "The suspect would have left the bar at ten." Binti yake wa sekondari, aliyekuwa na madaftari yake upande wa pili wa meza, aliisoma sentensi hiyo akauliza:

"Baba, angaliondoka saa nne, lakini ni nini kilichomzuia?"

"Hakuzuiwa na kitu, mwanangu. Nimeandika kwamba inasemekana aliondoka saa nne. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kwa Kiingereza haisemi hivyo, Baba."

Mama wa nyumba, aliyekuwa akichambua maharagwe, alicheka, na sajini akaona haya kidogo. Hata hivyo, hakuwa amebuni kosa lake. Wazazi wengi wa Rwanda wa umri wake walisoma kwa Kifaransa. Mwezi Oktoba 2008 Serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na shule zikaanza kukifuata uamuzi huo mwaka 2009; ndiyo maana nyumba moja yaweza kuwa na baba wa Kifaransa na mtoto wa Kiingereza, nao wote huongea Kinyarwanda wakati wa chakula. Sasa, Kifaransa cha magazeti na cha ofisi kina desturi ya kumkinga mwandishi kwa kitenzi cha masharti. Husemwa kwamba mtu "aurait quitté" mahali fulani, maana yake ikiwa ni kwamba habari imepokewa na bado haijathibitishwa. Umbo hilo likihamishwa neno kwa neno huwa "would have left", na kinga yote hupotea njiani. Msomaji wa Kiingereza ataelewa ama kwamba mtu yule angaliondoka ila hakuondoka, ama kwamba mwandishi anakisia tu. Hatajua kamwe kwamba kuna shahidi aliyesema. Ripoti ikifika mbele ya hakimu, tofauti hiyo si ya sarufi tena.

Kiswahili na Kinyarwanda hupima uhakika kwa kuchagua kitenzi chenyewe. Mtu husema nadhani, naona, nasadiki, kila neno kwa uzito wake. Na Mnyarwanda husema "ngira ngo" au "ndakeka", akaongeza "wenda" kama vile Mswahili anavyoongeza "huenda". Kiingereza nacho kina vitenzi vya namna hiyo, lakini aghalabu hupenda kuliacha neno "think" mahali pake na kulizungushia vitenzi visaidizi na vielezi vidogo vidogo. Uzito wa maneno umo katika vidogo hivyo, na ndivyo mwanafunzi anavyovipita mbio.

Mwenye kuandika "I think he may have left" anasema kwamba yamkini mtu yule aliondoka. Akiandika "he must have left", amekwisha kusema kwamba dalili alizoziona hazimwachii njia nyingine: mlango u wazi, kitanda ki baridi, pikipiki haipo. Hapo "must" si amri hata kidogo, ingawa ndilo neno lile lile linalomwambia kuruta kwamba sharti apige saluti. Na anayetaka kukanusha hitimisho hilo, aghalabu Mwingereza hamtazamii aseme "must not". Humtazamia aseme "he can't have left", yaani haiwezekani kwamba aliondoka. Askari aliyezoea "must" ya gwaride hukosea hapa mara nyingi.

Neno la kuogopwa zaidi ni "might". "He might have been killed" yaweza kumaanisha kwamba huenda mtu ameuawa na habari kamili bado kufika. Yaweza pia kumaanisha kwamba ilikuwa nusura auawe, naye yu mzima. Mke aliyeko Kinyinya akipokea ujumbe wa namna hiyo juu ya mumewe aliyeko Juba, hana njia ya kutambua ni maana ipi iliyokusudiwa mpaka asome sentensi inayofuata, na huenda sentensi hiyo haipo. Kuna ubora gani katika kuandika Kiingereza kizuri kinachomkosesha mtu usingizi? Aandikiwe waziwazi: "He was nearly killed, but he is safe."

Vielezi navyo vina mitego yake. "I thought hard before firing" ni maneno ya askari aliyefikiri sana kabla ya kufyatua risasi. "I hardly thought before firing" ni maneno ya askari ambaye karibu hakufikiri kabisa. Herufi mbili zimeongezwa, neno likasogezwa mbele ya kitenzi, na mtu amejishitaki mwenyewe kwa mkono wake. Neno "really" halina hatari kubwa kiasi hicho, lakini nalo huangalia mahali linapokaa: "I really don't think he is guilty" ni kukana kwa nguvu, ambapo "I don't really think he is guilty" ni kukana kwa shingo upande. Shahidi wa kwanza anamtetea mtu. Wa pili ana mashaka yake.

Kuhusu "should", ambalo vitabu vya shule hulifasiri kuwa "kupaswa", binti wa Kagugu alikuwa na swali lake. Mwalimu alikuwa ameulizwa kama mvua itanyesha, akajibu, "I should think so." Je, alimaanisha kwamba anapaswa kufikiri hivyo? La. "Should" ya namna hiyo hulainisha tu. Ni sawa na kusema "nafikiri itanyesha" kwa sauti ya upole. Na bosi anapomwambia karani, "I should have thought you knew the rules," huo si ukumbusho wa mawazo ya zamani. Ni karipio lililovikwa kanzu safi, na karani mwerevu huomba radhi papo hapo.

Mama naye alileta lake. Siku moja alimsikia jirani yake wa Gacuriro akisema, "I can't think where I put my keys," akamhurumia kwa kudhani kwamba ana maradhi ya kichwa. Jirani hakuwa mgonjwa. Alikuwa hakumbuki tu alikoziweka funguo.

Sajini alichukua karatasi nyingine, akaandika upya: "The barman says that the suspect left at ten. I think he must have gone towards Gacuriro." Binti akaiweka kalamu yake juu ya "must".

"Baba, kuna aliyemwona njiani?"

"Hakuna."

"Alidondosha kitu? Kuna nyayo?"

Sajini alifikiri. Katika kisa chake hapakuwa na nyayo wala kitu kilichodondoka. Kulikuwa na njia ya kuelekea Gacuriro tu, na njia hiyo hupitwa na kila mtu. Akalifuta "must", akaandika "may".