Jina ambalo Yesu alijiita, nasi tumelisahau



Leo ukiwa ibadani, sikiliza majina. Msikilize kiongozi wa sifa, msikilize mzee wa kanisa anayefungua kwa maombi, jisikilize na wewe mwenyewe unapoomba. Utasikia Bwana, Mwokozi, Mkombozi, Mfalme wa wafalme, Simba wa Yuda, Mchungaji Mwema, Alfa na Omega. Krismasi ikikaribia utasikia Imanueli na Mfalme wa Amani. Majina hayo yote yana mizizi katika Maandiko, na yote ni yake kwa haki.

Lakini kuna jina moja ambalo huenda usilisikie tangu wimbo wa kwanza hadi baraka ya mwisho, isipokuwa limetokea katika somo la Injili. Nalo ndilo jina ambalo Yesu alilitumia kuliko mengine yote alipojitaja mwenyewe: Mwana wa Adamu. Wanaotumia tafsiri ya Habari Njema hulisoma kama Mwana wa Mtu. Katika Injili nne linatokea takriban mara 80, na karibu kila mara ni yeye anayelitamka. Baada ya Injili linakuwa adimu. Stefano analitaja akiwa karibu kupigwa mawe (Matendo 7:56). Mtume Paulo, katika nyaraka zake zote, halitumii kumtaja Yesu hata mara moja.

Sisi hatuombi kwalo, hatuliandiki kwenye fulana za kwaya wala nyuma ya daladala. Kwa nini? Naamini sababu ni kwamba tunapenda majina yanayomweka juu sana na yanayotuahidi jambo. Jina hili linamleta karibu mno, halafu linatudai.

Kabla ya kulitazama, tukumbuke kwamba majina ya Mwokozi wetu hayakuanza kama mapambo ya maombi. Kila moja lilikuwa na maana na uzito wake kwa watu walioishi wakati ule.

Jina Yesu lenyewe ni lile lile la Yoshua kwa Kiebrania, na maana yake ni kwamba Mungu anaokoa. Malaika alimweleza Yusufu sababu ya jina hilo: mtoto huyo atawaokoa watu wake na dhambi zao (Mathayo 1:21). Halikuwa jina la pekee. Wayahudi wengi wa wakati ule waliwapa watoto wao jina hilo, na ndiyo maana Paulo anapomtaja mwenzake mmoja aitwaye Yesu, anaongeza kwamba ndiye aitwaye Yusto (Wakolosai 4:11). Mungu alipomtuma Mwanawe, alimpa jina ambalo mama angeweza kuliita kijijini na watoto wawili wakageuka.

Kristo, nalo, si jina la ukoo wala la pili kama yalivyo yetu kwenye kitambulisho. Ni cheo. Kwa Kigiriki ni Kristo, kwa Kiebrania ni Masihi, na maana ni moja: aliyepakwa mafuta. Katika Agano la Kale walipakwa mafuta makuhani na wafalme, na Eliya aliagizwa ampake Elisha awe nabii (1 Wafalme 19:16). Anayesema Yesu Kristo anakiri kwamba huyu ndiye aliyewekwa wakfu na Mungu kwa kazi hiyo yote.

Na Bwana? Hapo tusimame kidogo, maana hilo ndilo tunalolitumia zaidi na kulipima kidogo zaidi. Wayahudi waliotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki walitumia neno la Bwana mahali palipokuwa na jina takatifu la Mungu. Watawala wa Rumi nao walitaka kuitwa bwana. Kwa hiyo kukiri kwamba Yesu ni Bwana lilikuwa neno zito pande zote mbili. Katikati ya karne ya 2 huko Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, Askofu Polikarpo, mzee aliyekuwa amemtumikia Kristo kwa miaka 86, alisihiwa aseme tu kwamba Kaisari ni bwana ili aokoe maisha yake. Alikataa, akauawa.

Hapa kwetu pwani neno hilo lilikuwa na uzito wa namna nyingine. Mtumwa alikuwa na bwana wake, na bwana huyo aliweza kumpiga na kumuuza. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini palipokuwa na soko likajengwa Kanisa Kuu la Kristo chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Hebu fikiri maana ya neno Bwana kwa mtu aliyewahi kuuzwa, anapolisikia sasa likitajwa kwa ajili ya yule aliyewaosha miguu wanafunzi wake. Kwake kukiri kwamba Yesu ni Bwana kulikuwa pia kukiri kwamba hakuna binadamu aliye na haki ya kummiliki tena.

Sasa turudi kwa Mwana wa Adamu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana, kwa sababu jina hili analitamka kila siku. Mwanadamu ni mwana wa Adamu. Binadamu, neno lililotoka Kiarabu, ni bin Adamu, yaani mwana wa Adamu. Na Adamu katika Kiebrania ni jina lililo jirani na neno la udongo, ule udongo ambao Mungu alimfinyanga mtu kwa huo (Mwanzo 2:7). Katika kitabu cha Ezekieli, Mungu anamwita nabii wake mwanadamu zaidi ya mara 90, ni kama kumkumbusha kila mara kwamba yeye ni mtu wa mavumbi anayesimama mbele ya Mungu aliye hai.

Lakini jina hilo lina upande wa pili. Danieli aliona katika maono mmoja aliye mfano wa mwanadamu akija na mawingu ya mbinguni, akapewa mamlaka na ufalme usio na mwisho (Danieli 7:13-14). Yesu alilishika jina hilo kwa pande zote mbili. Mbele ya kuhani mkuu, alipoulizwa kama yeye ndiye Kristo, alikubali, kisha akaendelea kwa kumtaja Mwana wa Adamu atakayeketi mkono wa kuume wa Mungu na kuja na mawingu (Marko 14:61-62). Alisema kwamba Mwana wa Adamu ana mamlaka ya kusamehe dhambi duniani (Marko 2:10). Huo ni utukufu, wala hakuna anayeweza kuupunguza.

Lakini ni jina hilo hilo alilolitumia aliposema kwamba mbweha na ndege wana mahali pao, ila yeye hana pa kulaza kichwa (Luka 9:58). Ni hilo alilolitumia aliposema kwamba hakuja kutumikiwa bali kutumika na kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi (Marko 10:45). Ni hilo alilolitumia nyumbani kwa Zakayo, mtu aliyechukiwa na mji mzima (Luka 19:10). Mwenye utukufu wa Danieli ndiye asiye na kitanda. Hatuwezi kuchukua nusu moja tukaiacha nyingine.

Na hapa ndipo jina hili linapotufikia mlangoni. Fungua Mathayo 25, kuanzia aya ya 31. Mwana wa Adamu anakuja katika utukufu wake, mataifa yote yanakusanyika mbele yake, naye anawatenga kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Tunalifahamu somo hili, lakini tumezoea kupita haraka juu ya jambo moja. Walio mkono wa kuume wanamwita Bwana (aya ya 37). Walio mkono wa kushoto nao wanamwita Bwana (aya ya 44). Wote wawili wanalijua jina. Hakuna aliyekosea cheo, wala hakuna aliyetamka vibaya. Swali wanaloulizwa ni kuhusu mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hakimu anayejiita mwana wa mwanadamu anawauliza walimtendea nini mwanadamu.

Mpendwa, hilo linapaswa kututikisa sisi tunaoijua njia ya kanisani gizani. Inawezekana kulitamka jina sahihi maisha yote, kwa sauti kubwa, kwa machozi hata, na bado ukasimama upande usio sahihi. Yesu alikwisha kuonya kwamba si kila anayemwita Bwana ataingia katika ufalme, hata kama alitoa pepo na kufanya miujiza kwa jina lake (Mathayo 7:21-23). Wale wana saba wa Skewa kule Efeso walilichukua jina la Yesu kama chombo cha kazi, wakatoka ndani ya nyumba ile wakiwa uchi na wamejeruhiwa (Matendo 19:13-16). Jina halikuwa na kasoro. Waliolitumia hawakuwa na uhusiano wowote na mwenye jina.

Kuna msomaji atakayesema: lakini jina la Yesu lina nguvu, Biblia yenyewe inasema kila goti litapigwa kwa jina hilo (Wafilipi 2:10). Ni kweli kabisa, nami naungana naye. Petro alimwambia kiwete wa pale mlango Mzuri asimame kwa jina la Yesu Kristo wa Nazareti, naye akasimama. Lakini soma tena Matendo 3. Kabla ya kulitaja jina, Petro na Yohana walimkazia macho mtu yule ambaye wengi walikuwa wakipita karibu naye kila siku. Na baada ya kulitaja, Petro alimshika mkono wa kuume akamwinua. Jina lilitoka kinywani mwa mtu aliyemtazama binadamu mwenzake usoni na kumshika mkono. Mara nyingi sisi tunataka lile neno la katikati tu.

Basi tujiulize kwa upole lakini kwa ukweli. Familia ikiondoka asubuhi hii kwenda kanisani, dada wa kazi amebaki na nani? Je, naye ana Jumapili, au anaandaa chakula ili tukitoka kumsifu Mfalme wa wafalme tukikute mezani? Mshahara wake wa mwezi uliopita ameshaupata? Yule mlinzi wa lango la kanisa, anayekesha tunapokuwa kwenye mkesha, jina lake tunalijua? Siku ya changizo, anayetoa kidogo anasomwa kwa sauti ile ile kama anayetoa milioni? Mtume Yakobo aliwauliza waumini wa wakati wake jambo kama hilo: tajiri mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame au aketi chini. Na Yakobo anamwita Yesu Bwana wa utukufu katika aya hiyo hiyo anayokataza upendeleo (Yakobo 2:1-4). Kwake mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Tusikilize pia tunavyolitumia neno lenyewe. Tukiudhiwa tunasema, ah, binadamu! Tukisalitiwa tunasema binadamu hawana shukrani, binadamu hawaaminiki. Limekuwa neno la malalamiko. Naye Mwokozi wetu, aliyewajua binadamu kuliko sisi, aliyesalitiwa na mmoja wao kwa vipande 30 vya fedha na kukanwa na mwingine mara tatu katika usiku mmoja, hakuona haya kujiita kwa jina letu. Alilichukua jina tunalolitamka kwa kukata tamaa akalipeleka hadi mkono wa kuume wa Mungu. Stefano alipoinua macho mbinguni, ndiye huyo aliyemwona amesimama.

Hii ni habari njema hasa kwa anayesoma leo akiwa amechoka. Wewe uliyekaa foleni ya hospitali wiki nzima na mgonjwa, wewe uliyefukuzwa nyumba ya kupanga, wewe unayedhani maombi yako ni madogo mno kwa Mfalme aliye juu sana: anayekusikia alijua njaa, kiu, uchovu na kukosa pa kulala. Huhitaji kumwelezea maana ya maisha ya mtu.

Sisemi tuache kumwita Simba wa Yuda au Alfa na Omega. Tuyaimbe kwa nguvu zote, ni yake. Naomba tu kwamba wiki hii, katika maombi yako ya asubuhi, uongeze moja. Mwite Mwana wa Adamu. Kisha, kabla jua halijazama, mtafute mwana wa Adamu mmoja uliyekuwa ukipita karibu naye, umlipe unachodaiwa, umtembelee hospitalini au mahabusu, umpe kiti, au walau umuulize jina lake na ulikumbuke.

Mungu akubariki. Nakutakia Jumapili njema.