Umeme kwa bakteria: Kivu isingoje maabara ili itumie takataka zake

Watengenezaji wa kasiksi wanalijua jambo hili: wakati wa baridi pombe inachelewa kuchacha, na joto likipanda kazi inaenda mbio. Wanasayansi wanafuata njia hiyohiyo, ila wanatumia bakteria wanaopenda joto kali, la digrii 50 hadi 60, na kuwaongezea umeme kidogo.

Bakteria wanaovunja takataka pasipo hewa hubaki na elektroni ambazo lazima wazitoe. Vipande vya kaboni vilivyounganishwa na umeme vikitiwa ndani ya pipa, vinazipokea elektroni hizo au kuongeza nyingine, na hivyo kuusukuma mchacho kuelekea kitu kinachotakiwa. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walionyesha kwamba vijidudu vinaweza kutumia umeme kugeuza gesi ya kaboni kuwa metani, gesi inayowaka. Joto nalo linaharakisha kazi na kuua vijidudu vingi vya magonjwa.

Habari hiyo inawahusu wakaaji wa Bukavu na Goma. Ndizi zilizooza na maganda ya mihogo vinajaa sokoni, huku familia nyingi zikipika kwa makala na miti ya Virunga ikizidi kukatwa.

Lakini kuna hesabu ya kufanya. Umeme wa kuwasukuma bakteria ni mdogo. Mzigo mkubwa ni kulitunza joto. Pipa likipoa kila umeme unapokatika, bakteria hao wanadhoofika na gesi inapungua. Anayeahidi mtambo wa aina hii leo, katika mtaa usio na umeme wa hakika, anadanganya raia.

Hata hivyo, kukosa umeme si sababu ya kukaa bure. Shimo la kawaida la biogesi, lililozibwa vizuri, linatoa gesi bila waya hata mmoja, ingawa polepole kwa sababu ya baridi ya Bukavu. Goma, ambako mawe ya volkano yanafanya kuchimba kuwe kazi ngumu, pipa lililozibwa linaweza kutumika.

Yote hayo yanahitaji takataka zinazooza zitengwe na plastiki. Hapo ndipo viongozi wa miji wanapaswa kuanza, kwa kuweka mapipa mawili masokoni na gari la kuyakusanya. Vyuo vikuu vya Kivu navyo vijaribu umeme na joto kwenye vyombo vidogo, vilinganishe nguvu inayoingia na gesi inayotoka, kisha vitangaze matokeo. Siku umeme wa hakika utakapofika, miji iliyozoea kutenga takataka ndiyo itakayofaidika kwanza.