Ukarimu wa Tanga ni funzo kwa shule zetu

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si mkaa bure. Maneno hayo yalitujia akilini hivi majuzi tulipopanda pikipiki, sisi na rafiki yetu mwalimu, tukavuka kivuko cha Likoni alfajiri na kushika njia ya kusini kuelekea Tanga.

Safari hiyo si ya kubezwa. Kutoka Ukunda hadi Msambweni njia imepambwa kwa minazi, miembe na mikorosho, na upepo wa bahari humfikia msafiri hata pale ambapo bahari yenyewe haionekani. Baada ya Ramisi na Lunga Lunga ndipo ufikapo mpakani. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka wa 1886, yaliyowaacha Wadigo pande zote mbili. Hata hivyo, mapatano hayo hayakuweza kuikata lugha. Tulipouliza njia ng'ambo ya pili, tulijibiwa kwa Kiswahili fasaha, na wazee wakasemezana Kidigo kama wa Kwale.

Karibu na Tanga, si mbali na mapango ya Amboni, zipo chemchemi za maji moto za Galanos, zilizopewa jina la Mgiriki aliyekuwa mkulima wa mkonge. Maji yake hunuka kama mayai viza kwa sababu ya salfa. Maji ya mvua yapenyapo chini sana hupashwa joto na miamba, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba madini. Mwanafunzi aliyeyakariri hayo kitabuni atajibu mtihani. Aliyeinusa harufu ile hatayasahau maishani.

Lakini kilichotugusa zaidi si maji. Ni ajuza mmoja aliyetuona tukihangaika na gurudumu lililotoboka. Tulipomwamkia, "Shikamoo, bibi," aliitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akatukaribisha kivulini, akatuletea madafu na mihogo, na kumtuma kijana akamwite fundi. Tulipotaka kumlipa, alituuliza ni tangu lini mgeni akatozwa fedha ya maji. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Shule zetu huwapeleka wanafunzi kwenye mbuga za wanyama na majumba ya makumbusho, na hilo ni jema. Ila wengi humaliza masomo bila kuketi na jirani Mtanzania hata siku moja. Wanamsoma Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909, ilhali hawatambui kwamba kutoka Mombasa, Tanga ni karibu kuliko Nairobi.

Mwaka wa 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo isiishie kwenye hotuba na ngoma. Shule za Kwale na Mombasa zifunge urafiki na za Tanga. Wanafunzi watembeleane, wajadiliane na walale katika mabweni ya wenzao. Wasafiri kwa basi, kwani pikipiki ni ya mtu mzima mwenye leseni na kofia ngumu. Nazo serikali zetu mbili ziwarahisishie hati za kuvukia mpaka.

Tusiwafungie vijana darasani ilhali mwalimu mwingine yu ng'ambo ya Horohoro, amekwisha kutandika mkeka.